Mama Anadhani Wenziwe Wamemsahau

Jumatano, 13 Mei 2009. Asubuhi joto limewahi, vumbi limeziba bahari, hata milima ya upande wa Ansab haionekani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza ukurasa wa leo katika daftari langu, na yanayofuata nimeyanakili kwa ajili yenu. Msimamizi wa jukwaa, jina langu naomba ulifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwajiriwa wa serikali. Niliachika zamani, sina mtoto. Naishi na mama yangu mwenye miaka sabini na minane. Wazee wangu walitoka Unguja, wakaja hapa Maskati, wakakaa mtaa wa Hamriya, nyumba ya chini, mlango wazi tangu asubuhi.

Oktoba mwaka jana tulihamia Ghubra, kwenye jengo jipya. Si kubwa: ghorofa nane, kila ghorofa familia mbili tu, marumaru hadi kwenye ngazi, bawabu mlangoni, bwawa la kuogelea juu kabisa. Sisi tuko ghorofa ya saba. Mama alipoonyeshwa alicheka. "Maji mmeyapandisha juu ya dari, na sisi tulale chini yake? Haya." Makubaliano na mwenye jengo yalikuwa tukae kwanza, kisha mama auze nyumba yake ya Hamriya ndipo flati iwe yetu. Isipouzwa, tutaiachia.

Mimi sifanyi jambo bila kuliandika. Nilichora mstari katikati ya karatasi, faida huku, hasara huku. Upande wa faida ulijaa upesi: upepo wa bahari, maji hayakatiki, hakuna ua wa kufagia, kimya. Neno kimya nililipigia mstari mara mbili. Upande wa pili niliandika "mbali na soko", basi.

Naomba mnielewe hapo. Kwa miaka ishirini kule Hamriya nilirudi kazini nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Bi Zuwena na wenzake watatu, rafiki za mama tangu usichana, walikuja kila alasiri bila kualikwa. Mara kahawa na tende, mara mkate wa kumimina, mara mmoja anaumwa apelekwe hospitali, na dereva ni mimi. Chakula changu cha jioni nilikila nimesimama. Sikuwachukia. Nilichoka.

Wiki ya pili Ghubra, bawabu alinipigia simu kazini. "Madam, kuna wanawake wazee wawili hapa nje. Wamesimama juani, wanatazama juu, wanaita."

Walikuwa wanapiga hodi. Wao wanajua hodi hupigwa kwa mdomo mpaka mtu aitikie karibu. Kile kibati chenye vitufe vya kengele ukutani hawakujua ni cha nini. Na mama, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, angesikia nini? Nilikuwa naingia kwenye kikao. Nikamjibu bawabu, "Waambie mama amelala. Na kuanzia leo asipande mtu bila wewe kunipigia mimi."

Alinipigia mara tatu nyingine. Mara zote tatu mama alikuwa "amelala". Tarehe ninazo. Baada ya hapo hakupiga tena.

Simu ya Hamriya ilikatwa tulipohama, na ya mkononi mama haitaki. Alikuwa akiniambia, "Nipeleke kwa Zuwena." Namjibu Ijumaa. Ijumaa ikifika, namjibu Ijumaa ijayo. Kila alasiri alichemsha kahawa, akapanga vikombe vitano kwenye sinia, akakaa kiti cha karibu na mlango.

"Zuwena haonekani."

"Labda wamesafiri, mama."

"Wote wanne?"

Jumapili iliyopita nilikwenda msibani kutoa taazia, mama nikamwambia naenda kazini. Bi Zuwena akanidaka mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Ndo mshakuwa watu wa juu? Kwenu siku hizi kunaingiwa kwa viza?" Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akanivuta pembeni. "Mara nne nimekuja na mkate wangu, mara nne nimerudi nao. Nambie kweli, mama yako katuchoka?"

Pale ndipo ningesema. Nikasema, "Hajisikii vizuri, analala sana."

Akanitazama. "Haya. Msalimie. Mwambie Zuwena hana kinyongo."

Salamu hizo sijazifikisha.

Jana amepatikana mnunuzi. Jumamosi mama anatakiwa kutia dole gumba. Nilijua atakataa, maana tangu tuhame alikuwa akisema Hamriya haiuzwi yeye akiwa hai. Leo alasiri nikamweleza. Hakubisha hata kidogo.

"Uza, mwanangu. Nilikuwa nnaizuia kwa ajili yao tu. Kule hamna tena anonitafuta, nnarudi kwa nani?"

Akaenda jikoni kuchemsha kahawa. Aliporudi, kwenye sinia kulikuwa na kikombe kimoja.

Ndugu zangu, nikimwambia ukweli hatatia dole. Tutarudi Hamriya, mimi na uchovu wangu, naye atajua kuwa aliyewafukuza wenziwe ni mwanawe wa pekee. Nikinyamaza, flati itakuwa yetu, na mama atakaa humu siku zake zilizobaki akiamini watu aliokua nao wamemtupa. Nimeitoa ile karatasi ya mstari katikati, nimeitazama, sijui niandike nini na upande gani.

Sitafuti wa kunihurumia. Wenye wazazi wazee, na mliowahi kuchoka kama mimi, nambieni: kabla ya Jumamosi niseme au ninyamaze? Na nikisema, nianzie wapi?

Kikombe nimekiosha. Vile vinne viko kabatini. Nakwenda kulala, saa saba na dakika ishirini usiku.