Siku Niliyozifuta Pesa za Mzee

Mzee alikuwa na nchi yake. Ilikuwa katikati ya ile milima mirefu ya theluji iliyo kusini, mbali na Uswidi, na hakuna ramani iliyowahi kuionyesha, kwa sababu yeye na kaka yake waliitunga wakiwa watoto. Jina la nchi hiyo silitaji. Lilikuwa lao wawili.

Nilimfahamu nikiwa katika mwaka wangu wa tatu wa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kule Jakobsberg, pembezoni mwa Stockholm. Nilikuja Stockholm kutoka Kenya kumfuata mume wangu aliyekuwa anasoma. Masomo yakaisha, baridi ikabaki, nami nikajifunza kuogesha watu nisiowajua. Kila asubuhi simu ya kazini ilinipangia ziara: huyu dakika ishirini, yule kumi na tano. Mzee alikuwa wa tatu. Alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, hakuwahi kuoa, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumponyoka.

Siku ya kwanza alinizuia mlangoni.

"Forodha," akasema. "Kuingia ni kengele kumi na nane."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Akaninyooshea kidole kwenye kabati la viatu, ambapo palikuwa na kikoba cha ngozi kilichojaa noti. Kengele ilikuwa pesa ya nchi yake. Aliiita hivyo kwa ajili ya zile kengele zinazofungwa shingoni mwa ng'ombe wa milimani. Nikatoa humo noti ya ishirini nikampa. Akaiinua kwenye taa, akaikagua mbele na nyuma, akanirudishia sarafu mbili, ndipo akanipisha.

Sarafu hizo zilikatwa kwenye mikebe ya samaki, zikapondwa kwa nyundo, kisha mbuzi mwenye pembe zilizopinda akachorwa kwa ncha ya msumari. Noti zilikuwa za karatasi nzito. Baba yao alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, naye alileta mabaki nyumbani. Kaka mtu aliugua miguu, akalala majira yote ya baridi, na ni yeye aliyechonga vibao vya kuchapia, ubao ukiwa juu ya mapaja yake. Noti ya kumi ilikuwa na daraja juu ya korongo. Ya ishirini ilikuwa na mbuzi. Ya mia, ambayo mzee aliichora mwenyewe, ilikuwa na huyo kaka, taji kichwani, amelalia mto.

"Mbona mfalme amelala?" nilimuuliza mzee siku moja nikimkorogea uji.

"Hakuinuka tena kitandani," akasema. "Ningemchora vipi amesimama?"

Chini ya picha, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa: Atakayeghushi noti hii atashushwa bondeni. Kaka alifariki kabla theluji haijayeyuka. Mdogo mtu aliendelea kuchapa noti mpya maisha yake yote, Jumamosi kwa Jumamosi, baada ya kuegesha basi.

Mwenzangu wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayeishi Hallunda, ndiye aliyegundua kwamba pesa hizo zilikuwa na nguvu. Mzee alichukia maji. Kumwogesha ilikuwa vita.

"Dada, miye nilimulipa," akaniambia tukibadilisha viatu ofisini. "Nilimuambia yeye ndiye mupimaji wa maji ya moto ya ile nchi. Kengele kumi. Voilà, akavua nguo mwenyewe."

Tangu hapo tulimlipa sote. Alioga, alimeza dawa, alikata kucha, na jioni alizirudisha noti kwenye kikoba, tayari kwa kesho. Nilianza kuipenda ziara ya tatu.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Februari. Wafanyakazi watatu walikuwa wagonjwa, na simu yangu ilikuwa imejaa majina. Njia zilikuwa barafu tupu. Nilifika kwa mzee nimechelewa, nikamkuta amesimama forodhani, suruali imelowa mkojo, mkononi ameshika noti ya mia. Alitaka kuivunja kabla hajaniruhusu niingie. Sarafu hazikutosha. Akaanza kufungua droo moja baada ya nyingine, huku akiacha alama za maji sakafuni, nami nikatazama saa nikaona zimebaki dakika nane.

"Tuoge kwanza, mzee."

"Bila chenji, hapana."

"Hizo pesa hazifanyi kazi tena," nikasema. "Zimefutwa."

Akageuka. "Zimefutwa lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mbona sikuambiwa?"

"Barua ililetwa."

Aliitazama ile noti kwa muda, akaiweka juu ya kabati, akanifuata bafuni. Alioga. Alinyanyua mkono nilipomwambia anyanyue. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kwenye simu niliandika: Ameoga bila tatizo.

Linaloniuma ni kwamba nilijua nilichofanya. Kenya ilipozifuta noti za zamani za elfu moja, mama yangu alikuwa na chache alizozishona ndani ya godoro, akiba yake ya mazishi, asitake kumsumbua mtu. Alizikumbuka muda wa kuzibadilisha ukiwa umepita. Dada yangu alinieleza kwamba mama alikaa kwenye ngazi za benki hadi walipofunga milango, mikono mapajani, halafu akaomba arudishwe nyumbani. Nililia siku nzima kwa ajili yake. Na bado maneno yale yalinitoka mdomoni kama mate.

Kesho yake mzee hakunizuia mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kitini amevaa koti, kofia magotini, kama anayesubiri basi.

"Nilikosea jana," nikamwambia. Nilichukua noti kwenye kikoba nikamnyooshea. "Nimeuliza. Bado zinatumika."

Hakuipokea. Macho yake siku hiyo yalikuwa maangavu kuliko nilivyowahi kuyaona.

"Usijisumbue," akasema. "Nimeendesha basi miaka arobaini, si mjinga. Najua nchi haipo. Lakini wewe ulikuwa unalipa."

Nilimpa dawa, akameza. Nilimpa uji, akaula nusu. Mwenzangu alijaribu naye siku zilizofuata, kwa utani wake wote, akarudi akitikisa kichwa. "Ameacha kuwa mufalme," akaniambia. "Amekuwa mugonjwa." Sikumweleza sababu.

Baada ya wiki moja jirani alimkuta uani ameanguka kwenye barafu, kati ya mlango wa jengo na chumba cha taka. Alikuwa amevunjika nyonga. Kikoba kilikuwa kando yake, kitupu. Alikuwa ameshamaliza shughuli yake: noti amezitia kwenye pipa la karatasi, sarafu kwenye pipa la vyuma, kama sheria za jengo zinavyotaka. Lori la taka lilipita siku hiyohiyo, kabla yeyote hajafikiria kutazama mle ndani.

Hakurudi nyumbani. Alifariki hospitalini kabla theluji haijaisha.

Mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akija mara moja kwa mwezi, aliniita nyumbani kwa mzee siku ya kufungasha vitu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya droo zilizokwisha kufunguliwa zote.

"Zile pesa zake," akasema. "Nilitaka kuziweka juu ya jeneza. Nilichezea zile noti nikiwa mtoto. Unajua alizificha wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema sijui ndani ya treni.

"Alizitupa mwenyewe," nikasema. "Mimi nilimwambia zimefutwa. Nilikuwa na haraka, na hakutaka kuoga."

Alibaki amepiga magoti. Nilisubiri anifokee, nadhani nilitaka anifokee. Aliifunga droo ya chini, akaifunga na ya juu yake.

"Tafadhali niachie ufunguo," akasema mwishowe.

Nikauweka juu ya meza. Akauliza kama nimesaini kwamba nimeurudisha. Nikasema bado. Akanitafutia kalamu.

Mazishini nilienda na mwenzangu, tukakaa benchi la nyuma kabisa. Tulikuwa watu saba pamoja na mchungaji. Mwenzangu aliimba tenzi za Kiswidi kwa sauti kubwa bila kujua maneno, akanishika mkono, maana alidhani nalia kwa ajili ya mzee peke yake. Tulipotoka nilimwambia yote, pale nje kwenye changarawe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaachia mkono wangu polepole ili afunge vifungo vya koti.

"Twende," akasema. "Tuko na kazi saa saba."