Injini ya Mzee Lemayian na Boneti Isiyoguswa

Nakumbuka siku moja, Jumatatu ya jua kali, tukiwa katika boma la Mzee Lemayian, ng'ambo ya Isinya ukielekea Kajiado. Nilikuwa kijana wa gereji pale Kitengela, nimetoka kwetu magharibi na begi moja na mdomo mrefu. Nilijua kufungua nati, mwanangu, na mtu akishajua kufungua nati hudhani anajua gari.

Mzee Lemayian alikuwa na gari la zamani la Kiingereza, jeupe kama maziwa. Binti zake wakubwa wote walikwenda kanisani kuolewa ndani ya gari hilo. Sasa Nasieku, kitinda mimba, alikuwa aolewe Jumamosi, na injini ilikuwa imekufa. Msichana alikuwa amesema wazi kwamba hataingia kanisani kwa gari la kukodi kana kwamba hana kwao. Baba yake alicheka aliposema hivyo, lakini usiku alikuwa halali. Alitueleza mwenyewe.

Bosi wangu, Fundi Barasa, alisema injini itolewe siku hiyo, aende nayo gereji, airudishe Ijumaa. Mzee akakubali, ila kwa sharti moja.

"Boneti msitoe. Hiyo haitoki."

Sababu alitupa. Zamani, katika soko la mifugo la Ewuaso Kedong, fahali wa mtu aliamua kupanda juu ya lile gari. Boneti ikakunjika. Ikanyooshwa kwa nyundo, na tangu hapo ilikuwa na tabia zake: uinue kidogo, uisukume kwa nyonga, ndipo ijifunge. Iliwahi kutolewa mara moja tu, na ikakaa mwezi mzima ikifungwa kwa kamba ya katani. Ikitolewa tena, na kamba ikatike kwenye barabara ya Namanga, boneti inaruka na kufunika kioo, na bibi harusi yumo ndani.

Nilisikia yote hayo, nikayadharau. Kila fundi anajua injini hutolewa haraka boneti ikiwa pembeni. Kwa hiyo Fundi Barasa alipokwenda kuamkia wenyeji kwa Kimaasai, "Sopa," "Ipa," na kuletewa chai, mimi nilichukua spana nikaanza na bawaba za boneti. Nati ya kwanza ilikuwa imeshika kutu. Nikaikazia mkono, ikalia, ikazunguka robo. Nikajisifu moyoni.

Mkono wa Fundi Barasa ukatua juu ya wangu. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Wanjala, hapa mgonjwa ni nani?"

"Ni injini, fundi."

"Na boneti iko na shida gani?"

"Haina."

"Sasa mbona unaifanyia operesheni?"

Kina mama waliokuwa wakimenya viazi vya harusi waliangua kicheko, na mmoja akalirudia neno hilo, "Operesheni!" Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami bahati yangu ni kwamba nilikuwa sijavunja hata nati. Fundi aliirudisha robo ile kwa mkono wake, taratibu, kisha akanituma nikalete kamba.

Boneti tukaisimamisha wima, tukaifunga nyuma kwa kamba juu ya paa, na shuka mbili nzito katikati ili rangi isichubuke. Tukatoa rejeta ya kupoza maji na grili ya mbele. Giaboksi tukaiachanisha na injini, tukaitegemeza kwa magogo. Kuzunguka pua ya gari tukasimamisha ardhini mabomba matatu ya chuma tuliyoazima kwa rafiki zetu wa machimbo ya mawe, tukayafunga vichwa pamoja, tukaning'iniza hapo mnyororo wa kunyanyulia. Injini ikainuka, pua juu, polepole kama mzee anayetoka kitini. Mpango ulikuwa injini ikae hewani, sisi tusukume gari nyuma.

Ikakwama. Mnyororo ulikuwa umefika mwisho, na tumbo la injini lilikuwa bado linagusa bati la mbele. Upana wa vidole viwili tu! Mzee Lemayian alitazama, akageuka upande, akaanza kujifunga shuka upya ingawa haikuwa imelegea. Mimi nikaiangalia ile boneti, nikaweka spana chini.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Fundi Barasa alizunguka gari mara moja akikuna kidevu.

"Injini imefika mwisho wake. Basi tushushe gari. Toa upepo magurudumu ya mbele."

Nikatoa. Gari likapiga magoti. Bado kidogo. Ndipo shangazi wawili wa Nasieku, wanawake walioshiba baraka, wakaacha viazi, wakafungua milango na kuketi viti vya mbele.

"Leo huu uzito wetu umepata kazi!" akasema mmoja, na gari likazama.

Vijana waliokuja kufunga mahema wakasukuma. Penye wengi hapaharibiki neno. Gari likarudi nyuma na shangazi wakipiga vigelegele ndani yake, na injini ikabaki inaning'inia hewani peke yake, haijagusa kitu. Mzee alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ashe oleng," akasema, asante sana, na macho yalikuwa yamemlowa. Ijumaa tukairudisha injini ikiwa nzima, na Jumamosi Nasieku alikwenda kanisani kwa gari la kwao.

Mwanangu, kuna siku jambo moja litaharibika ndani ya kitu kizuri. Mwenzi wako atakuudhi kwa neno moja. Utapata kazi nzuri yenye mkubwa mmoja mkali. Utagombana na ndugu yako kwa ajili ya mpaka wa ploti. Mkono utakuwasha ung'oe kila kitu, na utajiita mwenye kuamua haraka. Usiguse kilicho kizima. Tafuta kilichoharibika, ukitoe hicho, tena kwa subira. Na kikikataa kutoka, usiongeze nguvu, jishushe wewe. Nimeona nyumba nyingi hapa Kitengela zikivunjika kwa sababu hakuna aliyekubali kupunguza upepo kidogo.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mpole. Nyumba yako isimame. Ng'ombe wako wazae, na kama huna ng'ombe, mshahara wako ufike mwisho wa mwezi ukiwa bado unapumua. Wazee wa huku wakibariki, anayebarikiwa hujibu "Naai." Basi jibu, mwanangu, na ujibu kwa sauti.