Nilimnunulia mama shamba la mpunga huku Dodoma, kumbe ni udongo ule ule wa chumvi uliomkimbiza kutoka Rufiji

Wakuu, salaam kwenu nyote mliomo humu jukwaani, wakulima wa jembe na sisi wakulima wa simu.

Juzi kuna mwanachama aliuliza kama mashamba ya mbugani huku kanda ya kati yanafaa kununua. Nilianza kumjibu kwa comment, ikawa ndefu, nikaona bora nifungue uzi. Ninayoandika yamenitokea mimi, kwenye shamba langu, pamoja na mama yangu mzazi. Sijasimuliwa na mtu.

Nianze na mama ili mnielewe.

Mama anaitwa Bi Somoe. Kwao ni delta ya Rufiji, kule mto unapogawanyika mikono mikono kabla ya kuingia baharini. Amelima mpunga tangu akiwa binti, kwenye mashamba yaliyopakana na mikoko. Mpunga ukikaribia kuiva walihamia dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo, kuulinda na nguruwe na tumbili. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye dungu.

Kule mto ukifurika unaleta maji baridi. Maji baridi kwa watu wa pwani ni maji yasiyo na chumvi, hayana uhusiano na friji. Hayo ndiyo yanausafisha udongo na kuulisha mpunga.

Basi miaka ilivyokwenda, ule mkono wa mto tuliokuwa tunautegemea ukapungua nguvu, bahari nayo ikapata nafasi. Maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yakawa yanaingia hadi shambani. Mwanzo mpunga uliungua ncha za majani tu. Baadaye ukawa unaota na kufa. Udongo ukikauka unakuwa mweupe juu, ukikanyaga unavunjika kama ganda la mkate. Kaa wakachimba mashimo katikati ya majaruba, vile vipande vya mpunga vyenye kingo.

Mama alihangaika na lile shamba kuliko alivyohangaika na ugonjwa wake wowote. Baba alipofariki, nikamchukua nikamleta kwangu Nkuhungu. Mimi ni mtumishi tu, nilihamia Dodoma na ofisi kama wengi wetu.

Hakulalamika hata siku moja. Alicheza na wajukuu, alisali, alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Akaotesha mchicha kwenye ndoo mbovu.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Mama haumwi. Mama hana kazi."

Hapo ndipo nilipopata wazo la shamba.

Nikatafuta kimya kimya, nataka iwe surprise. Nikaonyeshwa eneo magharibi, ukipita Zuzu unaendelea mbele mpaka unakuta mbuga kubwa tambarare. Nilikwenda mvua zikiwa ndiyo zinaisha. Nyasi za kijani, udongo wa mfinyanzi, maji yamesimama juu kama jaruba lililojengwa na Mungu mwenyewe. Kichwani kwangu nikaona mpunga.

Jirani wa shamba ni mfugaji, Mgogo, Mzee Yohana. Nikamwamkia, tukaongea vizuri. Akaniambia hapo ng'ombe wake wanapapenda sana, kila kiangazi wanakuja kulamba.

Wakuu, mimi nilichukulia kama sifa. Ng'ombe akilamba udongo, jiulize anatafuta nini.

Nikanunua.

Siku ya kumpeleka mama ilikuwa kiangazi. Alivaa kanga mpya na kilemba, mke wangu akafunga chapati na chai. Njia nzima mama anauliza tunakwenda wapi, mimi nacheka tu.

Tulipofika, sikulitambua shamba langu.

Nyasi hazipo. Udongo umepasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Kati ya nyufa, juu, kumetanda unga mweupe, mahali pengine mzito mpaka unang'aa na jua. Nikawa bado najifariji kwamba ni vumbi la kiangazi.

Mama alishuka, akatembea hatua chache, akasimama. Akainama, akabana udongo kidogo kwa vidole, akauweka ulimini.

Akautema. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Umeninunulia nilichokikimbia, mwanangu."

Alisema taratibu kabisa, hana hasira. Kisha akarudi kwenye gari akakaa. Chapati tulirudi nazo nyumbani.

Baada ya siku ile mama alibadilika. Chakula akawa anaonja tu. Akaanza kumpigia simu dada yake kule Rufiji mara kwa mara, na ndani ya wiki hiyo nikaona amekunja nguo zake zote na kuziweka ndani ya begi. Alisema anataka kwenda kukaa kwa dada yake. Nilijua kule hakuna shamba tena, hakuna nyumba, na dada yake mwenyewe analelewa na wanawe. Ila ningemzuiaje? Kilichoniuma ni kwamba nilitaka kumrudishia kitu, nikamrudishia msiba.

Nikaamua kuliuza. Nilipomwambia, aliniuliza mnunuzi atakuwa nani, na je, nitamweleza ukweli. Nikababaika kidogo. Akasema basi apelekwe tena akalione vizuri, ili nikiliuza nijue nauza kitu gani.

Hiyo safari ya pili ndiyo iliyogeuza mambo.

Tulimkuta mke wa Mzee Yohana, Mama Neema, amechuchumaa pembeni ya shamba langu anakwangua ule unga mweupe kwa kipande cha kibuyu na kuutia kwenye beseni. Akashtuka kidogo, akidhani nitamkataza. Nikamwambia aendelee. Mama akamuuliza anaupeleka wapi.

Kumbe wao huuchuja kwa maji, kisha wanayachemsha yale maji mpaka wanapata chumvi yao ya kupikia mboga. Alisema mlenda bila hiyo haunogi.

Mama akachuchumaa naye. Mama Neema Kiswahili chake kimechanganyika na Kigogo, mama cha kwake kina Kirufiji ndani, lakini walielewana vizuri kuliko mimi ninavyoelewana na bosi wangu. Pamoja na hayo, mama aliposema huu udongo unataka maji baridi, mwenzake alidhani amesikia kiu.

Mama Neema akamwonyesha upande wa chini, karibu na korongo. Alisema kule chumvi haipandi sana, na miaka ya mvua nzuri kuna watu waliwahi kupata mpunga. Mama akaenda. Akachimba na jembe la Mama Neema, akatazama udongo wa chini, ule wa kijivu wenye michirizi ya kutu. Akaonja tena.

Kwenye gari aliniambia neno moja tu, nisiuze kwanza. Tulipofika nyumbani alifungua begi akatoa kanga ya kazi.

Mvua zilipokaribia, tukatengeneza kingo za majaruba kwenye kile kipande cha chini. Plan ya mama ilikuwa ile ya delta: unaacha maji ya mvua yasimame, yayeyushe chumvi, unayafungulia yaondoke, unajaza tena. Nilimwomba Mzee Yohana ruhusa ya kutoa maji kuelekea korongoni, maana maji yale ni ya chumvi na kila mtu ana mifugo yake. Akakubali, ila akaonyesha mwenyewe mfereji upite wapi ili usikaribie kisima chao.

Tukafanya hivyo. Mama anaonja, anasema chumvi inapungua. Roho yake ikarudi, akawa anaamka na nyimbo.

Halafu udongo ukagoma.

Sijui nieleze vipi. Yale maji ya mwisho, yasiyo na chumvi kabisa, yalikaa juu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na hayakuzama. Ukikanyaga unateleza kama umemwagiwa sabuni. Jua lilipopiga siku kadhaa, juu kukaziba, kukawa kugumu kama sakafu. Mbegu alizosia mama zikashindwa kutoboa. Chache zilizotoboa zikadumaa.

Mama alikaa juu ya ukingo wa jaruba, jembe liko magotini.

"Kule nilishindwa na bahari," akasema. "Hapa nashindwa na nini?"

Nilikwenda kumtafuta afisa ugani, dada mmoja anaitwa Devota. Alikuja na kichimbio chake, akachukua udongo wa juu na wa chini, akaupeleka kupimwa. Aliporudi hakumcheka mama wala hakumpinga. Alisema kuosha chumvi ni sahihi, na kwenye matope ya delta ingeweza kutosha. Ila huu udongo wa huku una magonjwa mawili. Una chumvi ya kawaida, ile inayoyeyuka na kuondoka, na una sodiamu iliyong'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi. Chumvi ikiwepo, chembe zinashikana. Ukiiosha peke yake, sodiamu inabaki, chembe zinaachana, zinaziba kila tundu. Ndiyo maana maji hayazami.

Dawa aliyotaja ni jasi (gypsum) iliyosagwa, ichanganywe na udongo kabla ya kuosha, pamoja na samadi nyingi. Akatuonya pia kwamba huku chumvi haitoki baharini. Inapanda kutoka chini, jua linaivuta, kwa hiyo hata tukifanikiwa itarudi tukilala. Na sehemu ya juu ya shamba akatushauri tuiache kabisa.

Mimi nilivunjika moyo. Mama alichosikia ni kwamba kuna dawa.

Samadi tulichota zizini kwa Mzee Yohana mpaka zizi likabaki kama limefagiwa. Jasi nikaleta na gari la kukodi. Tukachanganya kiangazi, mvua zilipokuja tukaosha upya.

Mara hii maji yalizama. Taratibu sana, lakini yalizama. Nilimwona mama anayaangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgonjwa aliyekubali kunywa uji.

Mpunga ulitoka, wakuu. Sio shamba zima, msije mkanifuata inbox mkidhani nimetajirika. Ni kile kipande cha chini tu, na hata hapo kuna mabaka yalibaki na upara. Lakini tuliupika ule mchele nyumbani, na mama akapeleka sahani kwa Mama Neema kwa mikono yake mwenyewe. Sehemu ya juu tumeiacha kama ilivyo. Ng'ombe wanalamba, Mama Neema anakwangua. Siku hizi mama naye anachemsha chumvi pamoja naye, ingawa mlenda bado hajaukubali.

Dada yake alipiga simu tena kumuuliza kama bado anataka kwenda. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia jibu.

"Kule bahari ilikuwa inanifuata mpaka mlangoni. Hapa chumvi imekaa chini, mimi nimekaa juu. Tutazoeana."

Nilichojifunza ni hiki. Usinunue ardhi ya mbugani kwa kuiona msimu mmoja. Nenda ikiwa mbichi, rudi ikiwa kavu. Chimba, usiangalie juu tu. Pima kabla, sio baada ya kulia. Unga mweupe na maji yasiyozama ni lugha, na majirani wanaielewa, waulize swali la pili na la tatu.

Na jingine halihusu udongo. Ukitaka kumpa mzazi zawadi kubwa, muulize kwanza. Surprise ni nzuri kwa keki.

Mliowahi kulima udongo wa chumvi, iwe pwani au huku bara, nyie mlifanyaje? Kuna mwenye uzoefu wa jasi kwa muda mrefu, au wa mbegu ya mpunga inayovumilia? Na mliowahamisha wazazi wenu mjini, wanashinda wakifanya nini? Karibuni, nitasoma yote, na mengine nitamsomea mama.