Jino la Breki na Mguu wa Mama Anaeli

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumapili ya jua kali baada ya masika kukatika, kule Machame, juu ya Kwa Sadala. Watu walikuwa wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wamejipanga kandokando ya barabara ya udongo wakisubiri kuona lori ambalo wengi wao walilijua kama banda la kuku. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya bodi, binti wa Kiislamu kutoka Majengo, kitambaa kichwani na mikono imejaa grisi, nikijiona mlimani kote hakuna kama mimi.

Nitakueleza nilivyofika hapo. Nilivyoondoka ni vigumu zaidi kukueleza, lakini hilo nalo nitalisema.

Marehemu baba yangu, fundi Rajabu, alikuwa na karakana ndogo Majengo, mjini Moshi, nyuma ya chumba tulichopanga. Mama alifariki mapema, na mimi nilijua kushika tupa kabla sijajua kukanda unga wa chapati. Siku moja alishuka kutoka Machame mzee mmoja mkulima wa kahawa, Mzee Aminieli. Alikuwa na lori la marehemu baba yake, mojawapo ya malori ya kwanza kupanda barabara ile. Kichwa chake kilikuwa cha mbao, na magurudumu yalikuwa na miti badala ya spoki za chuma, kama ya mkokoteni. Lilikuwa limelala migombani miaka mingi, na kila aliyepita alikuwa amefungua kitu akaenda nacho. Spea zake hazikuwepo Moshi wala Arusha. Mafundi wengine walimshauri aliuze kama chuma chakavu. Yeye hakutaka, kwa sababu mkewe, Mama Anaeli, aliletwa bibi harusi ndani ya lori hilo kutoka Masama, na mzee alitaka katika kumbukumbu ya ndoa yao ampeleke kanisani kwa lori hilohilo.

Baba alilizunguka, akaligongagonga, akasema kisichokuwepo tutakitengeneza.

Tukawa tunapanda Machame mimi na yeye. Miti ya magurudumu Baba aliichonga kutoka kwenye mbao ngumu ya mti uitwao loliondo. Koki za shaba zilizokufa tuliziyeyusha, tukazimimina kwenye mchanga uliokandamizwa, tukapata pampu ya maji. Kulikuwa na gia iliyopoteza meno, na hiyo nilikaa nayo mimi, nikichonga kwa tupa jino moja baada ya jingine, mpaka vidole vikawa havikunjiki. Mama Anaeli alikuwa akiniona hivyo ananivuta kwa nguvu nikale. Alinunua sufuria mpya kwa ajili yetu wawili tu, ili sisi Waislamu tule chakula chake bila wasiwasi wowote, na mtori wake wa ndizi ulikuwa mzito, wenye nyama laini. Hakuniita fundi wala binti wa fundi. Aliniita mwanangu, kama ninavyokuita wewe sasa.

Mwishoni ilibaki breki ya mkono. Mkono wa breki ukiuvuta, kuna kijino cha chuma kinachong'ata meno ya pembeni na kuuzuia usirudi. Kile cha asili kilikuwa kimepotea. Baba aliniachia nikitengeneze peke yangu, akanieleza polepole, kwa sababu alikuwa ananijua. Nikate springi ya gari, nichonge, nipashe moto mpaka iwe nyekundu, nichovye kwenye oili. Halafu nikipashe tena kwa moto mdogo, bila haraka. Chuma kilichochovywa tu, alisema, ni kigumu lakini kinavunjika kama chupa. Ule moto wa pili ndio unaokipa uvumilivu.

Moto wa pili sikukipa. Ilikuwa Jumamosi, watu walishaambiwa waje kesho yake kuliona lori likitembea, na kijino kilikuwa kinang'aa vizuri mkononi mwangu. Nikakigonga kidogo kwa nyundo, kikalia vizuri. Baba alipouliza kama nimemaliza, nikamjibu nimemaliza.

Basi Jumapili lori likapanda. Kina mama walipiga vigelegele, wazee wakavua kofia. Baba alilisimamisha kwenye mteremko mbele ya kihamba cha Mzee Aminieli, shamba lake la migomba na kahawa, akazima injini, akavuta breki ya mkono. Mama Anaeli alikuwa amebeba jiwe. Tangu alipokuwa bibi harusi, kazi yake lori lile liliposimama ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, na mikono yake haikuwa imesahau. Nikaruka chini, nikampokea lile jiwe na kuliweka pembeni.

"Mama, usijisumbue," nikamwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Breki hii nimeitengeneza mimi."

Watu wakacheka kwa kufurahi. Yeye pia alicheka. Nikasogea upande wa chini, karibu na migomba, ili nilitazame lori vizuri kwa mbali.

Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Lori likaanza kurudi nyuma. Baba, aliyekuwa anashuka, alirukia usukani akalikatia kwenye kingo, lakini kona ya bodi ilikuwa imeshampiga Mama Anaeli ikamtupa, na gurudumu likapita juu ya mguu wake. Lori likaenda kujichomeka kwenye migomba pale nilipokuwa nimesimama. Mimi niliruka. Nilianguka kwenye majani, sikuchubuka hata goti.

Watu wote walikimbilia kwake. Mimi niliinuka nikarudi barabarani, nikaona nusu ya kijino udongoni. Pale kilipokatika kilikuwa cha kijivu, chembechembe kama sukari, na nikajua bila kuambiwa na mtu. Nilimsikia Mama Anaeli akilia katikati ya watu waliomzunguka. Nikageuka, nikapita katikati ya vihamba vya watu, nikateremka mpaka barabara kubwa, nikapanda gari la kwanza lililosimama. Lilikuwa linaenda Bomang'ombe, na huko nilikuwa na mama mdogo.

Nikajificha kwake. Nilimwambia naumwa tumbo. Baba alipata habari kwamba niko pale, akatuma mtu kunieleza kwamba Mama Anaeli amelazwa, mguu umevunjika vibaya, niende nikamwone. Sikwenda. Nilijiambia kwamba akiniona ataumia zaidi. Nilijiambia kwamba kukaa mbali ndiyo heshima iliyobaki. Mchana nilimsaidia mama mdogo kukaanga maandazi, jioni nilikula nikashiba, na nikajihurumia sana. Nilikuwa nafikiria uso wangu tu: watu wa Machame watanitazamaje, Majengo watasema nini. Mguu wake niliufikiria kidogo sana, mwanangu. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kukutazama machoni ninapokusimulia, na wala si lile jino.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja Mzee Aminieli akaja mwenyewe. Nilimsikia akipiga hodi, nikaingia jikoni. Mama mdogo alimkaribisha kiti, akaja kunitoa kwa mkono. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimetazama sakafu. Aliitika. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nadhani niliyataka.

"Sikuja kwa ajili ya lori," akasema. "Nimekuja kwa sababu mke wangu anaamini umekufa."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kitu cha mwisho Mama Anaeli alichokiona kabla hajapoteza fahamu ni lori likienda moja kwa moja mahali nilipokuwa nimesimama. Tangu alipoamka alikuwa ananiulizia. Walimwambia kwamba niko mzima, niko Bomang'ombe. Hakuwaamini. Aliwaambia wanamficha kwa sababu ni mgonjwa, maana binti yule kama angekuwa hai angekuwa ameshakuja.

"Nimeshindwa kumbishia," mzee akasema. "Hata mimi ningefikiri hivyo."

Tuliondoka naye saa ileile, nikiwa na khanga yenye mafuta ya maandazi. Hospitalini Mama Anaeli alikuwa amelala chali, mguu umeninginizwa, amekonda. Aliniona nikiwa bado mlangoni. Alinyoosha mkono nikasogea, akanishika uso, akanipapasa mabega, akaikunjua mikono yangu yote miwili akavitazama vidole kimoja kimoja. Halafu akaanza kulia, na mimi ndipo nikapiga magoti nikaomba msamaha, maneno yenyewe yakiwa yamevurugika. Nikamwambia habari ya moto wa pili. Nikamwambia habari ya jiwe.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema jambo ambalo nimezeeka nalo.

"Jino limevunjika, sawa, chuma kinavunjika. Lakini mimi nimekulilia msiba, na wewe ulikuwa unakula kwa mama yako mdogo."

Hakuna aliyewahi kunisema vibaya kuliko hapo, na alisema kwa sauti ya chini, mkono wangu ukiwa bado ndani ya wake.

Nilirudi Majengo. Baba alinipa kipande cha springi akakaa kwenye kigoda akitazama. Nikachonga kijino upya, nikakipasha moto mpaka kikawa chekundu. Nikakichovya, nikakisugua kikawa cheupe, nikakiweka juu ya moto mdogo, nikasubiri rangi itembee juu yake, manjano, kahawia, mpaka ilipoanza kuwa ya zambarau. Tukajaza lori magunia ya udongo, tukalisimamisha penye mwinuko mkali kuliko wote, mawe nyuma ya magurudumu na watu mbali. Tulipoondoa mawe, halikusogea.

Mama Anaeli alitoka hospitalini na fimbo, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kumbukumbu ya ndoa ilikuwa imeshapita, lakini mzee alimpeleka kanisani kwa lori lile Jumapili nyingine. Walimnyanyua watu wawili kumpandisha, wawili kumshusha. Watu walilishangilia lori. Mimi nilitazama jinsi alivyoweka mguu chini. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipopanda kumsalimia nilimtazama akichechemea kuja kunifungulia, na nikajilazimisha nisiangalie pembeni.

Mwanangu, siku hizi mtu akiharibu anazima simu. Nawaona. Mnahama mtaa, mnabadilisha namba, mnasema mnasubiri watu wapoe. Nakuomba usifanye hivyo. Ukimuumiza mtu, nenda kabla hujajua utasema nini, nenda na nguo hiyohiyo, akutukane akitaka. Aibu itakuambia kwamba unajificha kwa sababu unajali, kumbe muda huo wote unajitazama mwenyewe, na yule uliyemuumiza amebaki peke yake na maumivu na maswali. Na kazi ya mikono yako uipe muda wake wote, hata pale ambapo hakuna atakayejua umeruka hatua, maana atakayekuwa nyuma ya gurudumu ni mtu anayekupenda.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe watu watakaokuulizia usipoonekana, na akupe miguu ya kwenda kwao wakiwa bado wanauliza.