Nilidhani Programu Imekwama

Mimi nina hasira za karibu, na hakuna binadamu anayezichokoza kama kompyuta. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira hizo ndizo zilizonikalisha kwenye kiti asubuhi ambayo nilipaswa kusimama.

Tunaishi Kariobangi, ghorofa ya tatu, mimi na wazazi wangu. Baba alistaafu kutoka reli, na kabla hajazoea kukaa nyumbani kiharusi kikamlegeza mkono wa kushoto. Aliagizwa auinue mara hamsini kila asubuhi. Akakataa. Alisema hawezi kupungia hewa kama anayesimamisha gari lisilokuja. Ndipo nikaleta miwani ya gemu, ile mikubwa inayofunika macho yote, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akifunga duka lake la michezo hapa mtaani. Ndani yake kulikuwa na shamba la miti. Baba akiinua kishikio cha gemu kwa mkono ule, tawi linashuka, anachuma. Matunda yalikuwa ya rangi ya zambarau, hata sijui ni ya nini, ila yeye aliyaita mapera na kuyachuma bila kusukumwa.

Miwani ile haikuweza kuendesha gemu peke yake. Ilitegemea programu iliyokuwa kwenye kompyuta yangu chumbani, iliyoipelekea picha kwa waifai hadi sebuleni. Basi kila asubuhi nilimkalisha Baba, nikamvisha, kisha nikarudi kuhariri video za wateja wangu. Kwenye pembe ya skrini niliacha kidirisha kinachoonyesha kila anachokiona. Ukuta ulitutenganisha, lakini nilijiona nipo naye. Kidirisha hicho kilikwama karibu kila siku, na dawa yake niliijua: funga programu, fungua, ngoja, sonya kidogo.

Kiharusi hurudi. Daktari alitwambia hivyo bila kuzunguka, akaongeza kwamba kikirudi, dakika ndizo zitakazoamua. Niliishi na hofu hiyo. Baba akikohoa nilishtuka, akilala sana mchana nilikwenda kumtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Asubuhi ile picha ilitulia saa nne na dakika sita. Najua kwa sababu niliitazama saa kwa hasira; nilikuwa na video ya kutuma kabla ya saa tano. Nikapaza sauti, "Baba, ngoja kidogo, imekwama tena." Hakujibu, lakini Baba si mtu wa kujibu. Nikafunga programu, nikaifungua. Ikataka kusasishwa kwanza. Nikaisasisha huku nikiitukana, nikaangalia ule mstari ukijaa polepole. Ilipowaka iliandika kwamba miwani imeunganishwa na kila kitu ki sawa, kwa alama ya kijani kabisa. Kidirisha kikaonyesha tawi lilelile na matunda yaleyale. Nikaifunga tena.

Ilipofunguka mara ya pili ndipo nikaona majani. Yalikuwa yakitikiswa na upepo wa gemu. Picha haikuwa imekwama hata kidogo. Ilikuwa imeinama upande, na aliyekuwa akiitazama hakuwa akisogea.

Kutoka chumbani hadi sebuleni hatua hazifiki kumi, nami nilizitembea. Sikukimbia. Niliogopa kufika. Baba alikuwa ameegemea upande mmoja wa kiti, kishikio kimeanguka, mate yakimtiririka kidevuni. Nikanyoosha mkono nimvue miwani, nikaurudisha, maana niliogopa nitakachokikuta chini yake. Nilipoivua, macho yake yalikuwa wazi, yakinitazama.

Jirani wa mlango wa pili, fundi wa vyuma, alimbeba mgongoni hadi chini. Ngazi zote alinirudia neno moja: "Wacha kupanic, sister. Buda ako anapumua, namskia." Mama alitukuta hospitalini akitoka sokoni, na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Daktari akauliza dalili zilianza saa ngapi. Mama alikuwa amesimama karibu yangu. Nikasema saa nne na dakika ishirini, ambayo ndiyo saa niliyoingia sebuleni. Daktari akaandika.

Baba hakufa, ila maneno yalimpotea. Jumapili moja washirika wa kanisa letu wakaja nyumbani kumshukuru Mungu pamoja nasi, na baada ya chai Mama akasimama kutoa ushuhuda. Alisema Mungu ndiye aliyemweka binti yake nyumbani siku ile, la sivyo tungekuwa tunaongea mengine. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, macho yangu sakafuni. Baba alikuwa kwenye kiti kilekile, na sikuthubutu kumwangalia.

Sasa maneno yanamrudia, moja moja. La kwanza lilikuwa maji, na Mama alilia kwa furaha. Mimi nilijifungia bafuni. Kila akipata neno jipya nyumba inashangilia, nami naogopa, kwa kuwa sijui lipi linafuata.

Juzi nilikuwa nikimlisha uji, Mama akianika nguo juu ya paa. Baba alikishika kijiko kwa mkono wake mzima, akakizuia. Midomo yake ilihangaika kwa muda mrefu.

"Nilikusikia," akasema. Akapumzika. "Nikangoja."

Kisha akaachilia kijiko, akafungua mdomo nimlishe.