Nilimlisha Ndugu Yangu Pumba, Nikamwacha Mama Alaumiwe

Wenzangu mnaosoma gazeti hili, jina langu sitawapa. Nimekosa! Nilimlisha ndugu yangu kitu kilichomuua, halafu nikafunga mdomo, na mtu mwingine akabeba jina la mwuaji. Nyumbani nimeshasema. Lakini kifua bado kinanichoma, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa kusini ya Kitui, upande wa Mutomo. Nilikuwa mpishi Nairobi, kwa Mzungu mmoja mzee aliyependa sana mazoezi. Asubuhi anaruka kamba, anainama na kuinuka mpaka anatoka jasho, kisha ananiambia nimletee bakuli lake. Ndani ya bakuli ni pumba za ngano! Pumba, kama za kuku! Aliniambia, "Boi, hizi zinafagia tumbo. Tumbo likiwa safi, mwili ni mwepesi."

Na mimi niliona kwa macho yangu. Akimaliza bakuli, moja kwa moja chooni, anatoka anapiga mluzi. Tumbo lake lilikuwa bapa kama la kijana. Nikasema moyoni, kumbe siri ya nguvu za Wazungu ndiyo hii!

Mwaka ule bwana alikwenda likizo kwao Ulaya, na mimi nikarudi nyumbani. Nilirudi na viatu, kofia na maneno mengi.

Nilimkuta mdogo wangu, Mutinda, ana huzuni. Alikuwa amekwenda bomani kuandikwa askari, wakamkataa. Walimkimbiza, akashindwa kupumua. Mmoja wao akamshika tumbo mbele ya wenzake, akauliza, "Huyu atazaa lini?" Watu wakacheka. Mutinda alinieleza hayo akiwa anaangalia chini.

Nikamwambia, "Niachie mimi. Wakija tena kuandika watu, wewe watakuchukua wa kwanza."

Laiti ningekatika ulimi!

Lazima niwaeleze juu ya Kalekye. Mama yetu mzazi alikufa Mutinda akiwa mtoto mdogo kabisa, na Kalekye, mke wa pili wa baba, ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni akienda shambani, akamlisha pamoja na watoto wake mwenyewe. Sisi tulimwita Mama, basi, hakuna neno la kambo.

Kalekye ndiye aliyetwanga mahindi ya muthokoi pale nyumbani, yale yanayotolewa maganda kabla ya kupikwa. Maganda yanayotoka, yaani pumba, alikuwa anawamwagia kuku. Nikamwomba, "Mama, usizitupe. Niwekee mimi, nampa punda wangu, amekonda."

Akacheka. "Mpishi wa Wazungu amekuwa mpishi wa punda!"

Punda hakuonja hata kidogo. Zote zilikwenda nyumbani kwangu, na mimi nikazichanganya na maji kidogo na chumvi, nikampa Mutinda, asubuhi na jioni. Nilimwambia asimwambie mtu, maana watu wangemcheka kwamba anakula chakula cha kuku. Nikamkataza maziwa. Nikamkataza mafuta. Baada ya kula, anakimbia mpaka kilimani na kurudi.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri, na ndiyo yaliyonidanganya. Mutinda alikuwa anakimbilia porini kila mara, na tumbo lilimnguruma mpaka wachungaji wenzake wakamkimbia kwa kucheka. Lakini tumbo lilishuka. Akaja akiruka, "Kaka, nimekuwa mwepesi! Leo nimempita mbio hata Mwania, anayetushinda wachungaji wote!"

Nilijiona daktari, jamani. Nilijiona Mzungu!

Halafu kiangazi kikakaza. Ninyi wa Kitui mnakijua. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na wasichana wakachimba mpaka wakaingia shimoni wazima wazima, na maji yanakuja kidogo kidogo kama machozi. Nyumbani tukagawana kwa kikombe. Nikamwambia Mutinda, "Usinywe sana. Askari huvumilia kiu."

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Yule Mzungu, kabla ya pumba zake, alikuwa anakunywa jagi zima la maji. Juu ya pumba alimwaga maziwa. Kisha papai, kisha chai. Jagi hilo nilikuwa nalibeba mimi, kwa mikono hii! Lakini nilichokiona ni pumba tu. Maji sikuyaona kuwa ni kitu, kwa sababu Nairobi maji yanatoka kwenye bomba.

Siku moja Mutinda aliniambia kwa aibu, "Kaka, choo kimekuwa kigumu kama cha mbuzi."

Nikamwambia ni nguvu inajikusanya.

Baadaye akasema, "Kaka, siendi kabisa. Nachuchumaa mpaka natoka jasho, nanyanyuka bure. Tumbo linakaza."

Na mimi nilifanya nini? Nikaongeza pumba! Nilimwambia, "Zikija nyingi zitasukuma zile za mbele." Akazitazama, hakutaka. Akasema, "Kaka, leo nipumzike." Nikamuuliza, "Unataka wakucheke tena?" Akala. Alikula kwa sababu aliniamini mimi.

Mungu wangu!

Tumbo lilivimba likawa kama ngoma. Hata upepo haukupita. Akaanza kutapika, na kujikunja chini akishika mbavu. Kalekye aliposikia mlio wake, akaja mbio, akaweka mkono juu ya lile tumbo.

"Mtoto huyu amekula nini?" akaniuliza.

"Ni homa, Mama."

"Homa haifanyi tumbo hivi." Akaenda akapika uji mwepesi, akatia maziwa kidogo aliyokuwa amemwekea binti yake mdogo. Akamwinua Mutinda kichwa, akamnywesha pole pole. Mutinda akanywa mafunda machache, akasema, "Asante, Mama." Punde akautapika wote, na ukatoka na maji ya kijani.

Tukambeba kwa machela, mimi na baba mdogo Kimeu na majirani. Barabarani tukakutana na lori la mfanyabiashara Msomali, limejaa mbuzi. Yule mtu aliona hali, akasogeza mbuzi wake, akasema, "Pandisheni mgonjwa." Akatupeleka mpaka hospitali ya bomani. Njia nzima Mutinda alinishika mkono, na kila gurudumu likiingia shimoni alilia.

Pale hospitali, msaidizi wa daktari aliuliza, "Amekula nini?"

Kimeu alikuwa amesimama kando yangu. Ningesema pumba, ningeaibika, mimi mtaalamu kutoka Nairobi. Nikasema, "Chakula cha kawaida. Cha mwisho ni uji, alipewa na mke mdogo wa baba."

Ni hayo tu. Sikusema amewekewa sumu. Lakini niliona Kimeu anageuza kichwa, na mimi nikamwacha ageuze.

Basi wakamtibu kama mtu aliyekula kitu kibaya, wakampa dawa ya kumtapisha zaidi. Siku nzima ilipotea hivyo. Daktari mwenyewe alipokuja na kulipapasa tumbo, akaamuru wampasue. Alitoka amechoka. Akaniita pembeni peke yangu.

"Utumbo umeziba ukaanza kuoza," alisema. "Ndani mna maganda matupu, yameshikana kama matope makavu. Kwa nini hamkusema?"

Nikasema, "Sikujua, bwana daktari."

Mutinda hakuamka tena.

Tulipofika nyumbani na habari ya kifo, habari ya uji ilikuwa imeshatangulia na majirani waliorudi mapema. Mnajua miaka hii watu wanavyozungumza mambo ya uchawi kwetu. Wakakusanyika kwa baba. Kimeu akasema mwanamke huyu alikuwa anamwonea kijicho mtoto wa mwenzake. Kila mtu akasahau ni nani aliyemlea!

Kalekye alisimama katikati, hakulia. Alisema, "Mimi nilimpa uji tu. Huyu hapa alikuwa anachukua pumba zangu kila siku. Mwulizeni alikuwa anampa nani."

Wote wakanigeukia. Baba akaniuliza, "Pumba zilikwenda wapi?"

Nilisema, "Nilimpa punda."

Kalekye akaniita kwa jina langu la utotoni, lile alilonipa yeye. Akasema, "Mwanangu, nitazame, useme tena."

Sikumtazama. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu changu, na kilikuwa kimefungwa tayari.

Wakamfukuza. Baba hakufungua mdomo kumtetea. Kalekye alimfunga binti yake mgongoni, akachukua chungu na blanketi, akaenda zake Kikima, upande wa Mbooni, alikozaliwa. Vijana wakabomoa nyumba yake, wakachoma majani ya paa. Na mimi nilikuwepo!

Bwana aliporudi kutoka Ulaya, nami nikarudi kazini. Asubuhi ya kwanza akaomba bakuli lake. Nilipolibeba likaniponyoka, pumba zikamwagika mezani, na mimi nikalia mbele yake kama mtoto. Akafikiri nina malaria. Nilijaribu tena na tena, nikashindwa, nikaacha kazi.

Nikaenda Kikima kumtafuta. Nilimkuta kwenye shamba la kaka yake, anapalilia. Amekonda, mvi zimemjaa. Aliniona, akaendelea kupalilia. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikamweleza yote: pumba, kiu, maneno ya daktari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Alipata maumivu sana njiani?"

Nikasema, "Sana, Mama."

Hapo ndipo alipoketi chini akalia. Hakulia kwa ajili ya nyumba yake. Alimlilia Mutinda, kwa maana kule kwetu hakuna aliyemruhusu kumlilia.

Alipotulia akasema, "Mimi nilikuwa najua sikumuua. Kwa nini umekuja kuniambia mimi? Nenda ukawaambie wao."

Nikaenda. Nilisema mbele ya baba, mbele ya Kimeu na wale wale waliokusanyika siku ile. Kimeu akatema mate chini akaondoka. Baba hakunipiga. Aliinuka akaenda kwenye zizi la ng'ombe, akakaa huko mpaka jua likazama. Kesho yake akamtuma mtu Kikima kumwomba Kalekye arudi. Jibu lilikuwa fupi. Alisema binti yake ameshazoea mahali alipo, na yeye hana nguvu za kulala tena karibu na watu waliochoma paa lake.

Sasa baba anapika mwenyewe. Mimi nikija ananijibu salamu, basi. Jina langu halitaji.

Vijana mnaotaka miili ya askari, nawasihi! Mkiona mtu mwenye nguvu anakula kitu, tazameni vyote alivyoweka mezani, si kimoja tu. Pumba bila maji ya kutosha ni kujijaza udongo tumboni. Na tumbo likikataa kwenda choo, msione haya! Semeni mapema, kwa mtu mzima, kwa daktari. Ndugu yangu alikufa kwa aibu yangu, si yake.

Na wewe unayejua ukweli huku mtu mwingine analaumiwa, usiseme utasema kesho. Mimi nilisema. Watu wote wanajua sasa kwamba Kalekye hana hatia. Lakini bado analima shamba la kaka yake Kikima, na majani yameota pale jiko lake lilipokuwa.