Runinga Kwenye Nyumba Yangu

Likizo hii nimejengewa esaiga, nyumba ndogo ya kijana aliyetahiriwa. Baba akaniletea runinga na mashine ya gemu kutoka sebuleni. "Wewe ni mwanaume, chezea kwako," akasema. Nilifurahi, kisha nikaanza kuboeka.

Zamani nilicheza gemu ya mpira sebuleni, Mama akimenya ndizi na kumtukana kipa wangu. Kwetu, mama haingii nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa. Leo ameleta chakula akasimama nje.

"Huyo kipa bado ni mlevi?"

"Bado, Mama."

Nikaongeza sauti ili asikie mechi. Alisikiliza kidogo, akaenda kukamua ng'ombe.

Nimechomoa nyaya. Runinga naibeba kurudi sebuleni, Baba akitaka kunicheka, anicheke.